Kitabu cha Mizimu Hujibiwa

Nilifundisha Kiswahili sekondari mkoani Tanga kwa miaka 11. Maswali ya "eleza dhamira tatu zinazojitokeza" nimeyatunga mwenyewe, kwa chaki na kwa mashine ya kudurufu, hata hesabu yake sina. Kwa hiyo nikisema kwamba kitabu cha mizimu ukikifanyia hivyo unawaua marehemu mara ya pili, simsemi mtu. Najisema.

Siku hizi naishi Louisville, Kentucky. Usiku napanga vifurushi ghalani, na Jumamosi asubuhi nina vijana 14 kwenye chumba cha chini ya kanisa moja. (Mimi Mwislamu, na funguo za kanisa ninazo mimi. Mchungaji anasema hajapata mtu anayefagia kama mimi.) Wengi wao wazazi wametoka Kivu Kusini, Uvira na Fizi, na wao wenyewe wamezaliwa kambini Nyarugusu, kule Kasulu. Wanne ni watoto wa Watanzania. Wakongo wananiita Tantini, Watanzania wananiita Shangazi, na wote wakikosea wananiita Mwalimu. Wana kati ya miaka 14 na 18. Shule zao ni za Kiingereza, kwangu wanakuja ili Kiswahili kisiwakimbie.

Utaratibu ninaoueleza hapa ni wa Jumamosi nne, saa mbili kila moja. Nimeufanya mara tatu na kila mara nimebadilisha kitu. Chukua unachokitaka.

Kwetu pwani, mtu akikurushia shairi hukai ukaandika muhtasari wake. Unamjibu kwa shairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi miaka 200 na ushee iliyopita, miji yao ikielekea vitani. Baba yangu alikuwa akikata kurasa za mashairi gazetini na kuzibandika kwenye daftari: fulani ameuliza, na baada ya wiki mbili fulani mwingine wa mkoa wa mbali amejibu kwa vina vile vile. Huko ndiko nilikotoa wazo. Mwandishi ameuliza, vijana wanajibu, na kwa kuwa waulizaji kitabuni ni wafu, jibu linatakiwa liwe kitu ambacho mfu angekielewa.

Kitabu nilichokichagua

Ni Long Way Down cha Jason Reynolds, Mmarekani, kilichotoka 2017. Kijana wa miaka 15, Will, kaka yake Shawn amepigwa risasi akiwa kwenye safari ya kumnunulia mama yao sabuni ya ngozi. Mtaani kwao kuna kanuni tatu: usilie, usichongee, lipiza kisasi. Will anachukua bastola ya kaka yake kwenye droo iliyokaa upande, anaichomeka kiunoni, anaingia kwenye lifti ghorofa ya nane. Lifti inashuka kwa sekunde 60. Kila ghorofa mlango unafunguka na anaingia mtu ambaye tayari amekufa kwa risasi. Wa kwanza ni Buck, rafiki wa kaka yake. Wa mwisho simtaji.

Kimeandikwa kwa mashairi huru, kurasa zina maneno machache, nyingine mstari mmoja tu. Kijana ambaye hajapata kumaliza kitabu maishani anakimaliza hiki, halafu anakuja amenuna kwa sababu kimekwisha. Kiko kwa Kiingereza na wanakisoma kwa Kiingereza. Majibu yao ndiyo yanakuwa Kiswahili, na hapo kazi inapoanzia, maana huwezi kumjibu mtu kabla hujajua umwiteje.

Tahadhari moja ya haraka: kuna toleo la picha la mwaka 2020, lililochorwa na Danica Novgorodoff, na uchoraji wake ulipata medali ya Kate Greenaway huko Uingereza mwaka 2022. Ni zuri mno. Ndiyo maana nalificha hadi wiki ya mwisho. Ukiwaonyesha mapema, kila Buck atakayechorwa chumbani mwako atakuwa Buck wa Danica.

Jumamosi ya kwanza: tafuteni jina la hao walioingia

Usianze kusoma. Andika ubaoni: mzimu, kivuli, marehemu, pepo, jini, roho. Uliza: anayeingia ghorofa ya saba ni yupi kati ya hawa? Kisha kaa chini, nyamaza, umimine chai.

Mimi huwa naanza na habari yangu. Nilipokuwa mdogo bibi alinipeleka mapango ya Amboni, nje kidogo ya mji wa Tanga. Mle ndani kuna mahali watu wanaacha chupa za marashi, ubani, vitambaa, sarafu. Mahali hapo panaitwa mzimu. Maana yake kwetu mzimu ni huyo asiyeonekana, na ni pahali anapoendewa vilevile. Unamfuata na haja yako, unaweka ulichonacho, unarudi nyumbani kwa mguu bila kugeuka. Nilimuuliza bibi kwa nini haji yeye nyumbani. Akaniambia, "Akija yeye, ujue kuna mtu hakulipa."

Vijana wakaligawanya jambo hilo vipande. Wa Kongo walisema kwao ni muzimu, ni wa ukoo, na ukimwota ameketi kimya basi kuna kitu anakidai. Mtoto wa Kitanzania, hafidhi wa juzuu kadhaa, akasema jini hana mahali hapa: jini ameumbwa kwa moto, hajapata kuwa mtu, hawezi kuwa rafiki wa kaka yako. Pepo likaanguka, maana pepo humpanda mtu, na hawa wanapanda lifti tu. (Walicheka sana, nikaacha wacheke.) Kivuli kilipata kura tatu. Marehemu kilikaribia kushinda, hadi msichana mmoja alipouliza kama unaweza kumwambia marehemu "wewe". Wakajaribu: "Wewe marehemu, sogea." Haikukaa mdomoni. Marehemu ni neno la kumsemea mtu ambaye hayupo chumbani.

Likabaki mzimu, na hapo ndipo mwalimu wa sarufi ndani yangu alipoamka. Nikaandika sentensi mbili: "Mzimu uliingia." "Mzimu aliingia." Ipi? Kamusi itakupa ngeli na mazoea, lakini nataka wao waone tofauti iliyopo: ya kwanza ni kitu kimetokea kwenye lifti, kama moshi au harufu. Ya pili ni mtu ameingia. Kuna msichana kitabuni, Dani, aliyeuawa akiwa na miaka 8 kwenye uwanja wa kuchezea. Tukifika kwake nawaomba waamue tena. Mara zote tatu, chumba kizima kimesema "aliingia", hata waliokuwa wakishikilia "u" tangu asubuhi. Kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kurudi nyuma. Ukiandika "mizimu inaingia" nakurudishia karatasi.

Zoezi hili linachukua saa nzima na halihitaji chochote isipokuwa ubao. Ukiwa na Jumamosi moja tu, fanya hili na uache mengine.

Saa inayobaki someni kwa sauti, mkizunguka, kila mtu ukurasa mmoja. Kitabu kizima kwa sauti ni kama saa mbili, kwa hiyo kinaisha katikati ya Jumamosi ya pili. Usiwape waende nacho nyumbani kabla hakijaisha. Watasoma peke yao usiku wa manane, watakuja wanajua mwisho, na waliobaki watawachukia.

Jumamosi ya pili: jengeni lifti

Hili ndilo wanalolikumbuka. Unahitaji gundi ya karatasi, ile wanayotumia wapaka rangi, futi kamba, na simu yenye kupima sekunde.

Nenda kapime lifti ya kweli. Mimi nilipima ya jengo la madaktari ninakompeleka mama mkwe: hatua zangu mbili kwa mbili na nusu. Chora kisanduku hicho sakafuni kwa gundi, weka alama ya mlango. Mtu mmoja, Will, anaingia peke yake. Anasimama. Wengine wako nje wamejipanga kwa mpangilio wa ghorofa: saba, sita, tano, nne, tatu, mbili. Sita hao.

Kwanza fanyeni sekunde 60 tupu. Hakuna anayeingia, hakuna anayesema, wewe una simu mkononi. Anayeona dakika imekwisha ananyanyua mkono. Mwaka wa kwanza mkono wa kwanza ulinyanyuka sekunde ya 22. Hapo vijana wanaelewa kitu ambacho maelezo yangu ya "mbinu ya wakati katika riwaya" yasingewafikishia hata kwa muhula mzima: dakika moja inatosha kwa kitabu kizima, kama bastola iko kiunoni. Kitabu kimeandikwa saa yake kurasani, inaanza saa tatu na dakika nane asubuhi na sekunde mbili, na kuna ubishi wa kufurahisha wa watoto ambao simu zinawaambia tisa na midomo inatakiwa iseme tatu.

Mara ya pili waingie mmoja mmoja. Kanuni yangu ni kwamba anayeingia hasemi neno. Anachagua asimame wapi, amwangalie nani, mikono aiweke wapi. Hakuna nguo za kutisha, hakuna shuka jeupe, hakuna kuguna. Mvulana mrefu aliyekuwa Buck aliingia akasimama mgongo wake ukigusana na wa Will, kama watu wawili wanaolindana. Hakuna aliyemfundisha. Aliyekuwa baba, ghorofa ya nne, alisita mlangoni muda mrefu mpaka nikaona nguo za Will zinatikisika kifuani.

Wakifika sita ndani ya kisanduku, pamoja na Will, hamna pa kupumulia. Waache wakae hivyo kwa sekunde kumi. Kisha sema "mlango", watoke, na hapo hapo, kabla ya chai, wape karatasi waandike sentensi moja tu: mwili wako uligusa nini? Usiulize ulihisi nini. Ukiuliza walichohisi watakuandikia "huzuni" na "hofu", wote 14. Ukiuliza waligusa nini utapata "kiwiko cha marehemu kilikuwa cha moto kuliko changu".

Mmoja wao alinong'ona kwamba lifti yake ya kwanza maishani ilikuwa ya uwanja wa ndege, siku walipoondoka Afrika, na mama yake aliposhikwa na woga alikaa chini sakafuni mlango ulipojifunga. Hilo likaingia kwenye maandishi yake baadaye. Sikuliomba.

Nilipoharibu

Na hapa niseme la kuomba radhi. Mwaka wa kwanza, baada ya lifti, niliwapa kazi hii: "Mwandikie barua mzimu wa mtu wako." Nikajiona mbunifu. Msichana mmoja wa miaka 15 aliweka kalamu mezani polepole, kama anayeweka yai, akatoka. Nilimkuta kwenye maegesho ya magari, bila koti, Februari. Hakuwa akilia. Akaniuliza, "Nianze na nani, Tantini?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Tangu hapo ni marufuku chumbani mwangu kumwomba kijana mfu wake. Watoto hawa hawakosi wafu. Wanachokosa ni haki ya kuchagua lini wawalete. Mzimu wa kitabu anatosha: ni wa wote, hana ukoo chumbani, unaweza kumsemesha hata vibaya. Anayetaka kumwingiza wake ataingiza mwenyewe, kwa mlango wa nyuma, na wewe ukiuona usiugonge.

Mambo mawili ya kiutendaji yametoka hapo. Mlango wa chumba unakaa wazi muda wote, iwe baridi, isiwe baridi. Na kuna kiti kimoja karibu na birika la chai ambacho ni cha mtu asiyetaka kushiriki. Akikikalia haulizwi. Akitaka kufanya kitu, anahesabu sekunde.

Jumamosi ya tatu: herufi, halafu vina

Will ana tabia ya kuchukua neno akapanga upya herufi zake zikawa neno jingine. Kwa Kiingereza. Nilipowaambia wajaribu Kiswahili, wakubwa walikata tamaa mapema: maneno yetu ni marefu, na irabu zake ni zile zile. Nikawakumbusha kinyume, ule mchezo wa watoto wa pwani wa kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza, mtoto akawa tomto, ili wakubwa wasielewe. Anzeni na silabi mbili.

Wakaanza na utani: kata, taka. Kisha mtoto wa miaka 14, mdogo kuliko wote, akasema kama anayeuliza, "Nani, nina?" Chumba kikatulia kidogo. Nani. Nina. Mwingine akaandika damu, akaigeuza, akapata muda. Nawaambieni mimi niliyekula chumvi na Kiswahili hiki, sikuwa nimewahi kuona kwamba damu na muda ni neno moja lililogeuzwa. Sekunde 60 za lifti zikasomeka upya.

Halafu binti mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta, hajasema neno tangu asubuhi, akageuza daftari nikaliona. Alikuwa ameandika herufi za neno kaburi, moja moja, kila moja kwenye kipande cha karatasi, akazisogeza kwa kidole. K, a, r, i, b, u.

Karibu.

Sikufundisha zaidi dakika kumi. Nilikwenda kuosha vikombe. Ukifanya zoezi hili usiwape jibu hili. Liache likae mezani, kuna atakayelipata. Asipopatikana, basi, litakusubiri mwakani. Mahitaji: mkasi na karatasi, kila mtu akate herufi zake. Kwa kalamu haliji. Ni lazima vidole visogeze.

Sasa ushairi. Mwandishi ametumia mashairi huru, na vijana wengi wanadhani huo ndio ushairi pekee ulio hai, ule wa vina ni wa wazee na wa mitihani. Mimi nafanya kinyume chake. Nawaambia: mtaa wa Will una kanuni tatu zinazoua watu. Sisi tutajiwekea kanuni zisizomuua mtu, tuone kanuni inafanya nini ndani ya kifua. Mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho, mishororo minne. Tarbia. Mimi nauliza kwa niaba ya Will, wao wanajibu kwa niaba ya aliyeingia, na vina lazima viwe vyangu. Ubeti wangu ni huu:

Mlango umefunguka, nani waingia ndani?
Sigara imeshawaka, moshi u mwangu puani,
Wewe tulishakuzika, wafanyaje ghorofani?
Kama ni deni wataka, sema nikulipe nini?

(Sigara ni ya kitabuni, wafu mle wanavuta. Kwetu hakuna anayewasha kitu. Wazazi wangenifunga.)

Mshororo wa mwisho nimeuweka makusudi, ni bibi yangu wa Amboni yule anasema: mzimu akija, kuna deni. Nilikuwa nawatega. Mwaka huu ndio waliotegua. Msichana wa Uvira, yule yule wa maegesho, sasa ana miaka 17, alijibu hivi. Nilimsaidia mizani mahali pawili, mengine ni yake:

Si deni nililotaka, mfuko sina sandani,
Nimekuja kukishika kilichoko kiunoni,
Risasi zimepunguka, moja ilitoka lini?
Chini tunateremka, wewe washuka na nani?

Soma mshororo wa tatu uone alivyosoma kitabu: Buck ndiye anayeitazama ile bastola akakuta risasi moja haipo. Hakuna swali la ufahamu ningetunga lenye kupima usomaji vizuri kuliko hapo. Na amenikatalia mimi na bibi yangu, kwa adabu, kwa kutumia msemo wa bibi yake: sanda haina mfuko. Mfu hana pa kutia deni. Amekuja kuzuia mkono.

Namna ya kuwafikisha hapo kwa saa moja na nusu: kwanza wapige makofi mizani, nane, pumziko, nane, wasome ubeti wangu mara nne mpaka wauchoke. Halafu waorodheshe maneno yanayoishia -ka na yanayoishia -ni, ukuta mzima, bila kufikiria maana. Kifuani, gizani, mlangoni, jirani, amani. Zika, shika, anguka, kumbuka. Kiswahili cha Kongo kinaingia bila pasi: akiandika "mutu" na mizani imetimia, mutu anabaki mutu. Kazi ya kusanifisha tutaifanya siku ya kuchapisha, na hata hapo namuuliza mwenyewe. Kisha wachague aliyeingia. Ukiona wengi wamemchagua Shawn, wazuie. Wawe wawili tu. Wanaomchagua Frick, aliyempiga Buck risasi, ambaye hakuna anayempenda mwanzoni, huandika vizuri kuliko wote kwa sababu lazima kwanza wamtafutie neno la kusema.

Anayemaliza ubeti mmoja anaongeza wa pili, kwa kanuni zile zile. Wa tatu namruhusu avunje, ila mahali pamoja tu, na pawe pale sauti yake inapokatika. Msichana huyo aliandika ubeti wa tatu vizuri mpaka mshororo wa mwisho, kipande cha mwisho akakiacha kitupu. Nikamwambia hakijaisha. Akanyanyua vidole vinane, akavikunja kimoja kimoja akinitazama. Alikuwa anasoma.

Jumamosi ya nne: mengineyo, na mwisho wa kitabu

Siku hii ni ya wanaopenda mikono kuliko maneno, na sitaiongelea sana. Wapo wanaochora. Wapo wawili hupenda kufanya kama mjomba Mark, mzimu anayependa filamu na anayemtaka Will asimulie mambo kana kwamba ni sinema: wanachukua ukurasa mmoja, wanaugawa picha sita, wanapiga kwa simu ndani ya kisanduku cha gundi. Mwongozo uwe na vitenzi vya kuonekana tu. "Anajuta" haipigiki picha. "Anafungua droo, inakwama" inapigika. Wengine hutengeneza vitufe vya lifti kwa vifuniko vya chupa, na badala ya namba wanaandika neno moja la kila aliyeingia. Zote ni nzuri. Muziki sipendi, unafanya wote walie kwa wakati mmoja na hakuna aliyefanya kazi.

Kuhusu mwisho: kitabu kinaishia kwa swali la maneno mawili. Kila kundi linataka kuandika sura inayofuata, ambamo Will anarudi juu, anamkumbatia mama yake, bastola inatupwa mtoni. Niliwahi kuruhusu. Zikaja hadithi 11 za Will aliyeokoka na zote zilifanana kama sare za shule. Siku hizi nasema hakuna sura inayofuata. Unaweza kuandika swali jingine la maneno mawili ambalo mmoja wa hao sita angeuliza badala yake. Maneno mawili, basi. Hukaa juu yake saa nzima. Niliyoyatunza: "Umekula?" (nikamwambia hilo ni moja, akasema kwa Kiingereza ni matatu, tukaacha). "Mama anajua?" "Ungenizika wapi wewe?" lilizidi, akalikata likawa "Nizikwe wapi?", na bado sijui kama ni Buck au ni nani aliyelisema, na yeye hataki kunitajia.

Ukimaliza, kunja karatasi zote, bandika ndani ya kisanduku sakafuni, vijana wasome wakiwa wamesimama humo, wawili wawili. Halafu mle. Mimi hupika pilau, Wakongo wanaleta sombe, yaani kisamvu.

La mwisho ni la usafi. Mara ya pili nilisahau kubandua gundi, ikabaki sakafuni hadi Jumapili. Jumatatu mlinzi akaniuliza nilichora nini kule chini, maana kina mama wa kwaya walikuja kuchukua viti na kila mmoja alizunguka kile kisanduku, hakuna aliyekikanyaga, na hakuna aliyewaambia chochote. Ibandue siku ile ile. Ikikaa wiki inang'ang'ania vigae, na hapo utahitaji mafuta ya kupikia kidogo, kitambaa kikavu, na magoti mazima.